Jiko Lililojengwa Mara Mbili



Ndugu mmoja mchimbaji wa upande wa Salamabila ametuandikia. Anasema shimo lao limetoa vizuri na amepata feza kidogo. Kabla feza hiyo haijapita katika njia tunazozijua sisi wote, anataka kubomoa jiko la bibi yake, lile la potopoto na nyasi, amjengee la matofali ya kuchoma na mabati. Tena anataka kumshitukiza: bibi yuko karibu kwenda Kabambare kusalimu wazazi, na akirudi akute jiko jipya limesimama. Anauliza: «Pasta, nianze na nini, na mifuko mingapi ya simenti itanitosha?»

Ndugu yangu, umewaza vizuri kuliko wengi. Feza ya dhahabu ikiingia nyumbani, mara nyingi inaishia kwenye redio, viatu na pombe, na mama anaendelea kupuliza moto machozi yakimtoka. Lakini nakuomba: usibomoe kitu kwanza. Mimi nilifanya vile vile unavyotaka kufanya. Nimejenga jiko mara mbili, na mtoto wangu wa nne ana alama mguuni mpaka leo.

Kwetu, Wazimba kwa Wabangubangu, jiko ni nyumba ndogo nyuma ya nyumba kubwa. Wazee hawakuiweka kule kwa ujinga. Nyasi hushika moto upesi. Jiko likiungua, nyumba ya kulala inaweza kupona. Kiisha makampuni ya migodi yakajenga makambi. Aliyefika Kalima wakati wa Symétain, au baada ya mwaka 1976 makampuni yale yalipounganishwa kuwa SOMINKI, aliona nyumba za matofali zimepangwa mistari, na akarudi mugini akiwa na aibu juu ya nyasi zake. SOMINKI ilikwisha mwaka 1997, lakini macho yetu yalibaki kule: mtu aliyefaulu ni mtu wa matofali. Mimi pia nilikuwa na macho hayo.

Ilikuwa mwezi wa sita mwaka 2021, kiangazi kimeshika. Matofali yalikuwa yamekwisha kuchomwa, ya udongo wa kichuguu, mekundu, ukiyagonga yanalia. Bibi yangu alijua kwamba nitajenga, lakini siku niliichagua mimi, na mchoro niliuchora mimi, nyuma ya karatasi ya mahubiri. Vijana wa kwaya walikuja asubuhi. Kubomoa jiko la potopoto ni kazi ya furaha: unakata kamba za paa, unavuta nyasi, masizi yanashuka kama mvua nyeusi, kiisha mnasukuma ukuta wote pamoja mkiimba. Saa sita tulikuwa tumemaliza. Mama alitoka shamba na kitunga cha muhogo kichwani, akasimama. Hakupiga kelele. Aliuliza tu:

«Baba, na mbegu zangu?»

Mahindi ya mbegu yalikuwa yametundikwa juu ya moto, kwenye uchaga, pamoja na samaki wakavu na kitunga cha chumvi. Kijana mmoja alikuwa ameyalaza chini ya mwembe karibu na vyungu. Nikamwambia yako pale, halikupotea hata moja. Akasema: «Niliona. Sasa nitayaweka wapi?» Nikajibu kwamba jiko jipya litakuwa na nafasi kubwa. Sikuelewa alichouliza.

Jiko jipya lilipendeza. Nilikuwa nimeona huko Kindu jiko la wageni ambapo mama anapika akisimama, nikasema bibi yangu hatainama tena. Fundi akajenga meza ya matofali yenye kimo cha sentimeta 85, na moto ukawa juu yake. Niliweka madirisha mawili madogo kama ya chumba cha kulala, sababu niliogopa wezi. Mabati, yale tunayoita manjanja, nilileta toka Kasongo kwa kinga, safari tatu. Na kila tundu kati ya ukuta na mabati nililifunga kwa simenti. Nilijivuna sana juu ya kazi hiyo ya kufunga matundu. Wageni wakasifu. Mama peke yake ndiye aliyenyamaza.

Sasa sikia yaliyotokea.

Nyasi zinapumua. Moshi unapenya katikati yake, mtu haoni namna unavyotoka. Mabati hayaachi kitu kupita. Mama aliwasha moto mangaribi ya kwanza, na baada ya dakika kumi mlango ulikuwa kama tanuru ya matofali. Saa nane ya mchana mabati yalileta joto toka juu, moto ukaleta lingine toka chini.

Mbegu alizitundika katika chumba chetu cha kulala, safi, pasipo moshi. Mvua zilipoanza mwezi wa tisa alishusha mahindi yale, na unga ukamwagika sakafuni. Fukusi walikuwa wamekula kila punje. Moshi ule ambao mimi niliuita adui ndio uliokuwa ukifukuza wadudu katika mbegu za mama mwaka kwa mwaka. Tulikwenda kukopa mbegu kwa jirani, mimi pasta mwenye jiko la matofali.

La tatu ndilo linaloniuma. Bugali ya muhogo ya watu kumi na wawili haisongwi juu ya meza. Mama anakaa kwenye kibao, sufuria iko chini mbele yake, anaikaza kwa miguu ao kwa mti wenye panda, na anasonga kwa nguvu ya mgongo na mabega. Juu ya meza yangu sufuria ilizunguka pamoja na mwiko. Alijaribu kusimama juu ya tofali, alijaribu kumwita binti ashike masikio ya sufuria kwa kitambaa. Jumamosi moja ya mwezi wa kumi sufuria iliteleza, na maji ya moto yakashuka juu ya mguu wa mtoto aliyekuwa na miaka mitatu. Jirani alileta mawese, mwingine dawa ya meno, na sisi kwa woga tukapaka vyote viwili. Tulikosa. Mtu akiungua ni maji safi ya baridi, yanayotiririka juu ya kidonda dakika 20, kiisha kitambaa safi, kiisha kituo cha afya. Yafundisheni hayo majumbani mwenu hata kama hamtajenga jiko lolote.

Tangu siku ile mama alirudi chini ya mwembe, kwenye mafiga matatu. Katika jiko la matofali niliweka kinga, na kuku wakaanza kutaga juu ya meza ya sentimeta 85. Waumini walipita njiani wakaona. Hakuna aliyesema neno, na mimi ningependa waseme.

Watu wengine husikia habari hii na kusema: basi, potopoto ilikuwa bora. Hapana. Moshi ule uliolinda mbegu ulikuwa ukiingia katika mapafu ya mama na ya mtoto aliyefungwa mgongoni. Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majiko ya nyumbani ulileta vifo karibu milioni 3,2 ulimwenguni. Kati yao zaidi ya 237 000 ni watoto wasiotimiza miaka mitano. Kikohozi cha mama mzee mugini, macho mekundu, pumzi fupi ya mtoto: mara nyingi tunatafuta mchawi, na mchawi yuko jikoni. Kwa hiyo ilifaa nibomoe. Kosa langu ni kwamba nilibomoa nyumba yenye kazi saba nikajenga yenye kazi moja.

Kiangazi cha mwaka 2023 nilianza upya, na mara hii sikugusa nyundo. Nilichukua kiti na daftari, nikakaa kando ya mwembe siku mbili, toka saa kumi na moja alfajiri mpaka usiku. Mama aliona haya. «Baba, watu watasema unanichunga.» Nikamwambia waseme. Niliandika kila alichofanya na kila mara aliyoinuka. Siku ya kwanza alikwenda mara 31 kati ya moto na nyumba kubwa: chumvi, mawese, kisu, maji, ungo, tena chumvi. Mimi nimekaa katika ndoa miaka mingi na sikujua kwamba chumvi yetu inalala chumbani.

Nilisoma baadaye kwamba wengine walihesabu mbele yangu. Mwaka 1926, kwa ajili ya nyumba mpya za mji wa Frankfurt huko Ujerumani, mama mmoja mchoraji wa nyumba, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora jiko dogo la mita 1,9 kwa 3,4, kila kitu karibu na mkono. Alipima hatua na dakika za mpishi, na mfano wake mmoja ulikuwa jiko la ndani ya treni. Yalijengwa karibu 10 000. Na alikubali mwenyewe kwamba kabla ya hapo hakuwa mtu wa kupika. Kwa hiyo hata asiyejua kupika anaweza kuchora jiko, ikiwa kwanza anaangalia. Mimi sikuwa nimeangalia.

Katika daftari langu jiko la mama lilikuwa na kazi hizi: kupika, kukausha mbegu na samaki kwa moshi, kutwanga sombe, kuweka kuni zisilowe, kuweka maji ya kunywa, kulaza kuku wenye vifaranga, na kukaa. Hii ya mwisho sikuitegemea. Mangaribi mama wawili watatu wanakuja kukaa karibu na moto, na mengi ya kanisa yanatengenezwa pale kuliko katika kikao chetu cha wazee. Jiko lenye meza ya juu halina mahali pa kukaa.

Fundi alipokuja na kamba na pimamaji aliniuliza mimi madirisha yawe wapi. Nikamwambia, «Uliza mama.» Akacheka, akidhani ni mzaha. Mama akamwambia: «Fundi, moto iko hapa. Moshi itapita wapi? Onyesha na mukono.» Fundi akaonyesha dirisha. Mama akachukua majani mabichi, akayawasha pale pale, na moshi ukaenda upande mwingine kabisa, kwenye pembe ya paa. Wakafanya hivyo asubuhi na mangaribi, sababu upepo hubadilika. Baada ya hapo fundi hakuniuliza tena kitu.

Tulibomoa nusu tu. Hapa, ndugu wa Salamabila, utapata jibu juu ya simenti. Tofali lililoshikwa kwa udongo hutoka zima: unaligonga kidogo ubavuni, unalikwangua, unalipanga pembeni. Yale niliyoyashika kwa simenti yalivunjika mengi, sababu simenti ilikuwa na nguvu kuliko tofali lenyewe. Mara ya kwanza nilitumia mifuko saba, mara ya pili mitatu: mstari wa chini unaopigwa na maji ya mvua, sakafu kwa tabaka jembamba, na kichwa cha bomba la moshi. Kuta nyingine ni udongo, na zimesimama. Sakafu ilipigwa kwanza kwa udongo wa kichuguu na kulalishwa kidogo kuelekea mlango, ili maji ya kuosha yatoke yenyewe. Chini ya mabati, pande mbili zinazoelekeana, tuliacha nafasi wazi yenye kimo cha matofali matatu, na wavu wa kuzuia panya. Mwizi anayeweza kupita pale, mwacheni apite, huyo ni paka.

Moto wenyewe ndio uliochukua siku nyingi. Huko Guatemala, baada ya tetemeko kubwa la mwaka 1976, watu walijenga majiko ya udongo na mchanga yaliyoitwa Lorena, na jina hilo limetoka katika maneno ya Kispanyola ya vitu hivyo viwili. Yalisambaa nchi nyingi. Lakini udongo mzito ulikunywa joto, na mahali pengine mama alitumia kuni nyingi kuliko kwenye mafiga. Baadaye Mmarekani Larry Winiarski akafundisha namna nyingine: tundu dogo la kuni chini, njia ya moto inayopanda wima, hewa inayoingia chini ya kuni, na kuta zinazozunguka moto ziwe nyepesi zisinywe joto. Kwetu jambo hilo linawezekana pasipo kununua kitu, sababu huku Kasongo na Kabambare tunalima mpunga. Kwa ukuta wa nje tulichanganya vipimo vitatu vya mchanga kwa kimoja cha udongo wa kichuguu. Kwa ndani, panapogusa moto, tulitia pumba za mpunga tulizookota bure kwenye mashine ya kukoboa. Moto ukizichoma pumba, zinaacha vitundu vidogo ndani ya udongo, na vitundu hivyo vinazuia joto lisiishie ukutani.

Kimo alikisema mama: chini ya goti lake akiwa amekaa kwenye kibao. Sufuria ya bugali inazama kidogo ndani ya tundu lake, na nafasi ya sentimeta moja tu kuizunguka, basi haizunguki na haitelezi. Tundu la pili, dogo, ni la mboga, na linapata joto la kwanza likipita. Bomba la moshi ni la matofali, limepita juu ya mgongo wa paa, na mahali linapopita mabati tuliacha nafasi ya shibiri moja bila mti wowote. Nasisitiza hilo. Mti ukigusa bomba, siku moja utashika moto mkiwa mmelala. Na masizi ya bomba yaondolewe kila mwezi kwa ufito wenye kitambaa. Bomba lililoziba linarudisha moshi wote ndani.

Kiisha tulingoja wiki tatu pasipo kuwasha. Watoto wakachoka kungoja, mimi pia. Nyufa zilizotokea tulizijaza kwa udongo ule ule. Moto wa kwanza ulikuwa wa vijiti tu, wa pili mkubwa kidogo. Ukiwasha moto mkubwa siku ya kwanza, maji yaliyobaki ndani yanapasua kazi yote.

Kinu kiko nje, chini ya mabati tuliyorefusha mita moja na nusu, sababu kutwanga kunatingisha ukuta na bomba. Na huko huko kwenye baraza mama alidai mafiga yake matatu ya zamani, chini ya uchaga, pasipo kuta. Nikataka kukataa. Nikasema: sasa kazi yote ya moshi ilikuwa ya nini? Akanijibu: «Moshi ya kule inaenda na upepo. Mbegu inalalaka wapi? Na sufuria ya sombe ya karamu, itaingia katika tundu yako?» Haikuingia, nilipima. Kwa hiyo mahindi ya mbegu yanapata moshi wa nje siku za samaki na za wageni. Kunde tunachanganya na majivu makavu yaliyochekechwa na kufunga sana ndani ya bido. Mwaka 2024 tulipanda mbegu zetu wenyewe.

Mambo ya mwisho yalikuwa madogo na mama aliyapenda zaidi. Ubao wa chumvi, mawese na visu karibu na mkono wake wa kuume. Mtungi wa maji wenye kifuniko, mbali na moto, juu kuliko mikono ya mtoto. Benchi la udongo kando ya ukuta kwa wale mama wa mangaribi. Kuta za ndani tulipaka udongo mweupe wa pemba uliochanganywa na uji mwembamba wa muhogo ili ushike. Jiko linapata mwanga, na kila mwaka unapaka tena kwa nusu siku. Ndugu, umeuliza pia juu ya rangi ya mafuta. Usipake karibu na moto, inashika. Na kama mama anatumia babula ya makala, asifunge mlango na madirisha: makala hayana moshi wa kuonekana, lakini hewa yake inaua watu wakiwa usingizini.

Feza yako ikiwa kidogo, anza na moto wenyewe, bomba na nafasi za juu. Hivyo vinaweza kujengwa hata ndani ya kuta za potopoto ikiwa paa ni ya mabati. Paa likiwa bado la nyasi, usipitishe bomba pale. Nunua kwanza mabati ya upande ule. Matofali ya kuta yanaweza kungoja kiangazi kingine.

Juu ya kumshitukiza bibi yako: mshitukize kwa kitenge. Asubiri kwenda Kabambare, ao wewe usubiri arudi. Barua yako ya pili uiandike akiwa amekaa karibu, na utuambie yeye anataka moto uwe na kimo gani.